Chupa ya mwaka 2010 kutoka Haro: imeharibika au imezeeka?

*"Shikamoo mtaalamu. Shemeji yangu anaishi Bilbao, Hispania. Alipokuja likizo aliniletea chupa mbili za mvinyo mwekundu, zimeandikwa Viña Tondonia Reserva 2010. Niliziweka juu ya kabati la jikoni, hapa Dar es Salaam, karibu mwaka na nusu. Krismasi nikafungua moja. Kizibo kilikatika katikati. Mvinyo wenyewe haukuwa mwekundu wa kukolea kama niliouzoea. Ulikuwa na rangi ya tofali, na pembeni mwa glasi ulifanana na chai. Ulinukia ngozi, uyoga na nazi iliyokauka, na mdomoni ulikuwa mkali kidogo. Chini ya chupa kulikuwa na machicha meusi. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi baa anasema umekwisha muda wake, maana chupa haina hata tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba yale machicha ni kemikali. Shemeji anasema ni mvinyo wa heshima uliokaa miaka sita ndani ya pipa, na hiyo chupa ya pili niitunze miaka ishirini, itazidi kuwa tamu. Nani mkweli? Na je, tuliokunywa tutadhurika? Jambo la mwisho: baba yangu ana miaka 71, anatumia dawa za presha na sukari. Ameiona hiyo chupa iliyobaki, anataka awe anakunywa glasi moja kila jioni iongeze damu."*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na linalokunyima usingizi: hamtadhurika. Ndani ya mvinyo, kilevi na asidi haviwapi vijidudu vya magonjwa nafasi ya kustawi. Mvinyo ulioharibika hukera pua na ulimi, basi. Na kwa jinsi ulivyoueleza, sidhani hata kama wenu ulikuwa umeharibika.

Jirani yako simlaumu. Zamani nikiwa kijana wa kumimina vinywaji kwenye hoteli moja ya pwani, nilimwaga chupa nzima ya mvinyo mkongwe kwenye sinki kwa sababu hizo hizo: rangi ya tofali, mashapo, harufu ya ngozi. Mgeni aliyeiagiza alisimama akinitazama. Sikujua kwamba nilichokuwa nakiita uharibifu ndicho alicholipia.

Tuanze na tarehe. Huo mwaka 2010 ni mwaka zabibu zilipovunwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haipo kwa sababu sheria za Umoja wa Ulaya hazilazimishi kuiandika kwenye kinywaji chenye kilevi cha asilimia 10 au zaidi. Kwa hiyo chupa isiyo na tarehe haina maana ya chupa feki. Na ukiona mvinyo wa 2010 umeanza kuuzwa miaka zaidi ya kumi baadaye, si kwamba ulisahaulika ghalani. Kwa nyumba iliyoutengeneza huu, huo ndio utaratibu.

Nyumba yenyewe ni ya familia ya López de Heredia, katika mji mdogo wa Haro, jimbo la La Rioja, kaskazini mwa Hispania, si mbali na Bilbao anakoishi shemeji yako. Ilianzishwa mwaka 1877 na Rafael López de Heredia y Landeta. Mashamba ya Ufaransa wakati huo yalikuwa yanateketezwa na filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayeshambulia mizizi ya mzabibu. Wafanyabiashara wa Kifaransa wakavuka mpaka kutafuta mvinyo, na Haro ilikuwa na bahati ya kuwa na reli. Ndiyo maana mpaka leo nyumba kubwa za mvinyo za mji huo zimebanana katika mtaa mmoja unaoitwa Mtaa wa Stesheni. Wafaransa walikuja na fedha, na walikuja na desturi ya Bordeaux, eneo lao maarufu la mvinyo: kuulaza mvinyo kwenye pipa dogo la mwaloni la lita 225. Mdudu aliwafuata La Rioja mwishoni mwa karne hiyo, wengi wakarudi kwao, lakini pipa likabaki.

Shamba lenyewe, Tondonia, lilipandwa kati ya 1913 na 1914, kwenye kona ambapo mto Ebro unajipinda kulizunguka. Lina ukubwa wa zaidi ya hekta mia moja. Takriban robo tatu ya zabibu za mvinyo wako ni aina ya Tempranillo. Zinazobaki ni Garnacha, pamoja na kiasi kidogo cha Graciano na Mazuelo. Leo nyumba iko mikononi mwa kizazi cha nne: María José López de Heredia na ndugu zake Mercedes na Julio César. Wana mafundi wao wa mapipa, wanaoyatengeneza na kuyakarabati hapo hapo kiwandani kwa mbao za mwaloni kutoka Marekani. Chini ya ardhi, ndani ya mahandaki yaliyochongwa kwenye mwamba, utando wa buibui umeachwa uning'inie kama mapazia. Mgeni huona uchafu. Wenyewe wanawaacha buibui kwa sababu wanakula nondo, na nondo hutoboa vizibo. Halafu mbele ya majengo hayo ya kale kuna banda la duka lililobuniwa na Zaha Hadid, mbunifu mzaliwa wa Baghdad, likifanana na chupa ya kumiminia mvinyo, na ndani yake limehifadhiwa banda la mbao ambalo mwanzilishi wa nyumba aliliagiza kwa ajili ya maonyesho ya Brussels ya mwaka 1910. Nimeyataja haya ili ujue kwamba wanaoweza kuajiri mbunifu kama huyo wangeweza kununua matangi ya chuma ya kisasa wakitaka. Hawajataka.

Sasa hilo neno Reserva. Kwa kanuni za Rioja, mvinyo mwekundu haupewi jina hilo kabla ya miaka mitatu tangu mavuno, na angalau mmoja kati ya hiyo uwe wa ndani ya pipa. Hawa wanauacha Tondonia Reserva ndani ya pipa miaka sita, kisha unapumzika ndani ya chupa kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo katika hilo shemeji yako amesema kweli tupu.

Watu wengi hudhani mvinyo ukikaa miaka sita ndani ya pipa utanuka mbao tu, kama maji yaliyokaa kwenye mtungi mpya. Ingekuwa hivyo kama pipa lingekuwa jipya. Pipa jipya la mwaloni wa Marekani hutoa vanila nyingi na harufu inayokaribia sana nazi, na ndiyo hiyo nazi kavu uliyoinusa. Haikuwa mawazo yako. Lakini mbao huchoka. Pipa lililotumika miaka mingi limeshamaliza sehemu kubwa ya harufu zake, na nyumba hii huyatumia mapipa yake mpaka yazeeke kweli kweli. Pipa la namna hiyo kazi yake kubwa ni kupumulia. Hewa kidogo sana hupenya kupitia mbao na maungio yake, mwaka baada ya mwaka, na kila baada ya miezi sita hivi mvinyo huhamishwa pipa hadi pipa ili uachane na mashapo yaliyotuama. Mwisho husafishwa kwa ute wa mayai mabichi, unaozama na takataka, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa. Mwenye mzio mkali wa mayai alijue hilo.

Hiyo hewa kidogo ndiyo inayoeleza machicha, rangi na ulaini wa mvinyo wako kwa pamoja. Umewahi kula ndizi mbichi, au bibo la korosho lisiloiva vizuri? Ule ukakasi unaokausha ulimi unatokana na tanini. Tanini zimo pia kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mvinyo mwekundu mchanga umejaa hizo pamoja na rangi ya zambarau ya maganda. Hewa inapoingia taratibu, tanini na chembe za rangi hushikana, mnyororo unarefuka, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokuwa mzito. Ukizidi uzito, huzama. Basi, kilichozama ndiyo machicha yako meusi. Na kwa kuwa sehemu ya rangi imezama nayo, mvinyo uliobaki juu umepauka, ukatoka zambarau ukaja tofali. Na kwa kuwa sehemu ya ukakasi nayo imezama au imebadilika, mvinyo unateleza mdomoni kuliko mchanga. Kemikali ambayo jirani yako anaihofia ni ganda la zabibu lililozeeka. Kama mngechunguza zaidi mngeweza kuona na chembe zinazometameta kama chumvi. Nazo hazina neno, ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyoganda, asidi ile ile inayoupa ukwaju ukali wake.

Ukwaju huo huo ndio ukali uliousikia mdomoni. Rioja ya jadi haitengenezwi iwe tamu, na Haro kuna baridi kiasi cha zabibu kubaki na asidi nyingi. Sisi ulimi wetu umelelewa vingine. Mvinyo mwingi wa Dodoma tunaoujua hunywewa ukiwa mchanga, na chapa zinazopendwa zaidi zina sukari. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hauna kipindi cha baridi cha kulala. Haro huvunwa mara moja, kisha mti unalala miezi mingi ya majira ya baridi. Si suala la nani bora. Ni vitu viwili, na ulimi uliozoea kimoja utakishangaa cha pili. Hata usipoupenda Tondonia baada ya kuuelewa, hujakosea. Mimi mwenyewe kuna siku nautamani, na kuna siku chakula nilichopika hakiutaki kabisa.

Ule ulioharibika utaujuaje basi? Kuna harufu tatu za kukariri. Ya kwanza ni siki: ikikuchoma puani kama siki ya kachumbari, bakteria wamekwishageuza kilevi kuwa asidi ya siki. Ya pili ni kama boksi la karatasi lililolowa au tambara la deki lililosahaulika ndooni. Hiyo hutoka kwenye kizibo chenyewe, haidhuru mwili, lakini inaua kila harufu nzuri na haina dawa. Ya tatu ni ya joto: mvinyo hunuka jemu iliyopikwa kupita kiasi au nyanya ya kopo, na mdomoni unakuwa bapa, hauna uhai. Ngozi, uyoga, majani makavu, tumbaku, nazi: hizi zote ni harufu za uzee halali. Katika orodha yako sikuona hata moja ya zile tatu. Kizibo kukatika nacho si dalili mbaya peke yake. Kizibo hutengenezwa kwa gome la mti, na gome lililokaa shingoni kwa miaka huwa jepesi kumeguka, hasa chupa ikikaa wima na kizibo kikakauka.

Na hapa ndipo ninapoachana na shemeji yako. Mvinyo wa nyumba hii unaweza kweli kukaa miongo, ndiyo, ila ndani ya handaki la mwamba lenye baridi isiyobadilika mwaka mzima. Juu ya kabati la jikoni Dar es Salaam ni jambo jingine kabisa. Hewa ya moto hupanda juu, jiko linawaka chini yake, na Januari nyumba inavuka nyuzi 30 bila hata kupika. Joto huharakisha yale yote yaliyokuwa yakitokea polepole, na huongeza mengine yasiyotakiwa. Mvinyo nao hutanuka kwa joto la mchana ukasukuma kizibo, ukasinyaa usiku ukavuta hewa. Miaka ishirini hapo? Hata miwili mimi nisingethubutu.

Ichukue chupa ya pili uitazame kwenye mwanga. Mvinyo umefika wapi shingoni? Ukiwa bado umo ndani ya shingo, vizuri. Ukiwa umeshuka hadi kwenye bega la chupa, umevuja au umepungua. Pitisha kidole juu ya kofia ya shingo. Ikiwa imevimba, au kuna alama ya mvinyo uliotiririka na kukauka, joto limeshasukuma kizibo. Siwezi kukuambia kutoka hapa hali yake ikoje. Hilo ni la kuona na kunusa. Kwa kuwa ya kwanza ilikuwa hai, nina matumaini.

Una njia chache. Kuiuza, sikushauri: mnunuzi makini atauliza ilihifadhiwa wapi, na ukimjibu kweli hatainunua. Kuna wanaoshauri kupeleka chupa kwa ndugu aliye kwenye baridi, Lushoto au Njombe, na hali ya hewa ya huko ingefaa kweli, lakini chupa ikipanda kwenye buti la basi mchana kutwa, utakuwa umeipika safarini ili uipoze ikifika. Kabati maalumu la kuhifadhia mvinyo lenye nyuzi 12 hadi 14 ni zuri, ila sijaona sababu ya kununua mashine kwa ajili ya chupa moja. Ninachokushauri ni hiki: iingize leo kwenye friji, kwenye droo ya chini ya mboga, ilale, na uinywe ndani ya miezi michache. Friji ni baridi kuliko inavyostahili na hewa yake ni kavu, kwa hiyo si makazi ya miaka. Kwa miezi hiyo ni salama kuliko juu ya kabati. Ukiwa bado na mashaka, mpelekee picha au chupa yenyewe mtaalamu wa mvinyo kwenye hoteli kubwa au duka la mvinyo linalojiheshimu. Wengi watakuangalizia bila malipo, maana chupa kama hizi haziwapitii kila siku.

Kabla ya kufungua, tumzungumzie mzee, kwa sababu hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko chupa.

Imani kwamba mvinyo mwekundu unaongeza damu imeenea sana kwetu. Hata mama aliyetoka kujifungua huletewa. Nadhani rangi ndiyo iliyotudanganya. Mvinyo hauongezi damu. Zile tanini tulizozizungumzia hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, mwili ukashindwa kuyafyonza vizuri. Yaani glasi inayonywewa na mlo inaweza kufanya kinyume cha anachokitaka baba. Kuhusu moyo, ambako pia watu husifia mvinyo mwekundu, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Halafu ana dawa. Pombe inaweza kuingiliana na dawa za presha akapata kizunguzungu akaanguka, na kwa baadhi ya dawa za kisukari inaweza kushusha sukari ghafla, hasa akiwa hajala. Hili si la kujibiwa na mtu wa mvinyo. Mpeleke kliniki anakohudhuria, abebe dawa zake zote, amuulize daktari ana kwa ana. Na kama anajisikia mnyonge hata akadhani damu imepungua, apimwe damu wiki hii, asisubiri chupa. Mwambie kwa heshima yake. Ukimfichia chupa ataona unamnyima.

Sasa siku ya kuifungua. Isimamishe wima siku moja nzima ndani ya friji mashapo yatulie chini, kisha itoe kama saa moja kabla ya kula. Utasikia watu wakisema mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Sinza mwezi wa pili. Tumia kizibuo cha mkono, izungushe parafujo mpaka karibu ifike mwisho wa kizibo, uvute polepole bila kutikisa. Kikikatika tena, usihangaike: kisukume ndani, umimine kupitia kitambaa safi au kichujio cha chai.

Mimina kwa mkono uliotulia, ukiwa umewasha tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Mvinyo utapita mwekundu unaong'aa, halafu utaona wingu jeusi linakaribia, hapo simama. Mvinyo wa umri huu hauhitaji kupungwa hewa masaa mengi, umeshapumua vya kutosha. Onja mara moja, kisha onja tena baada ya dakika ishirini, utaona umefunguka. Kwa chakula, watu wa La Rioja huchoma mbavu ndogo za mwanakondoo juu ya moto wa matawi makavu ya mzabibu, kwa hiyo mbuzi wa kuchoma yuko nyumbani kabisa hapa, chumvi na ndimu kidogo tu. Pilipili iweke mbali. Itaufanya mvinyo uonekane mchungu na kilevi chake kikuchome kooni. Ukibaki, urudishe kizibo na uuweke kwenye friji, uumalize kesho au keshokutwa.

Na lile tone la mwisho lenye mashapo, usilimwage kwenye sinki kama nilivyofanya mimi. Litie kwenye sufuria ya mchuzi wa ng'ombe likiwa bado linachemka.